Mashine ya Kufyekea Inapotoa Moshi

Mwanachama wetu mmoja mwenye shamba la minazi upande wa Bagamoyo ametuuliza kwa nini mashine yake ya kufyekea hutoa moshi mwingi hata wafyekaji wakakohoa, na kama ni sawa alivyoshauriwa na jirani, kwamba apunguze oili katika petroli mpaka moshi ukatike. Twaona swali hili lawahusu wengi, maana hata huku visiwani mashine hizi zimeingia katika mikarafuu, na msimu wa kuchuma ukikaribia kila mtu ataka chini ya miti pawe peupe, ili karafuu zinazoanguka ziokoteke.

Kwa huo ushauri wa jirani, jawabu letu ni hasha. Mashine nyingi za kuvaa begani hazina tangi la oili. Oili iliyomo katika petroli ndiyo hiyo hiyo inayolainisha pistoni na beringi, wala hakuna nyingine. Ukiipunguza, moshi utapungua kweli, na huenda ukafurahi kwa siku moja. Kisha pistoni itapata moto, itaikwaruza silinda, na mashine itakwama katikati ya majani. Kuitengeneza hapo mara nyingi hukaribia bei ya mashine mpya.

Basi bwana huyu atazame kwanza rangi ya moshi. Ukiwa wa buluu, ni oili inayoungua, na sababu kubwa tunayoikuta ni kupima kwa kukisia. Kitabu cha mashine husema kipimo chake. Ziko zinazotaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 200 katika lita 5. Na ziko zinazotaka moja kwa 50, yaani mililita 100 tu. Mwenye mashine ya namna ya pili akifuata kipimo cha mwenye ile ya kwanza, atie oili maradufu, astaajabu kwa moshi! Tena oili iwe ile iliyotengenezwa kwa kuchanganywa na petroli. Ile ya gari haiungui vizuri, huacha masizi. Na dumu litikiswe kila kabla ya kumimina.

Moshi ukiwa mweusi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Mara nyingi choki imesahauliwa imefungwa, au chujio la hewa limejaa vumbi na mbegu za majani. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe kabisa ndipo lirudishwe. Plagi nayo ifunguliwe: ncha ikiwa ya rangi ya hudhurungi, mashine yaunguza vyema; ikiwa nyeusi na imelowa, bado.

Moshi mweupe wa asubuhi unaokatika upesi usimtie mtu hofu. Usipokatika, atazame petroli. Pwani kama Bagamoyo hewa ina unyevu mwingi, na dumu lililoachwa nusu hukusanya maji ndani. Amimine kidogo katika chupa nyeupe, aiweke kivulini itulie. Maji yakiwamo yatakaa chini, ayaone kwa macho. Petroli iliyokwisha kuchanganywa isikae zaidi ya mwezi.

Zile mashine zenye tangi lake la oili zina tabia nyingine. Zikilazwa vibaya, oili huingia katika silinda, nazo hutoa moshi wa buluu kwa dakika chache kisha zikaacha. Oili ikipita alama, ipunguzwe hadi kwenye alama. Hapo kupunguza ni halali.

Baada ya haya yote, masizi yakwanguliwe katika mdomo wa ekzosi, mashine ikiwa imepoa. Moshi wa buluu ukidumu hata hivyo, na kamba ya kuwashia ikivutika kwa wepesi usio wa kawaida, yaelekea ringi za pistoni zimekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi, naye aombwe amwonyeshe mwenyewe zile ringi za zamani kabla ya kulipwa.