Amekuwa wa Ngapi, ama Amejua Nini?



Siku ya kufunga shule, ukipita Kibera kutoka Makina mpaka Laini Saba, ama Kawangware kule 46 na Gatina, utasikia swali moja kila mlango: "Amekuwa namba ngapi?" Mama mboga anaulizwa na wateja wake. Baba anaulizwa na wenzake kwa mjengo. Mwenye kujibu "wa pili" hutembea kifua mbele. Mwenye kujibu "wa arobaini" hutafuta maneno: mwalimu ni mbaya, mtoto aliugua, ama mtoto "hana kichwa".

Kutaka mtoto wako awe juu ya wengine si kosa. Lakini haja hiyo ikizidi, sisi wazazi tunapoteza pesa na mtoto anapoteza zaidi. Kwa hivyo tuone nambari hiyo inasema nini, inaficha nini, na kikundi kinaweza kufanya nini.

Tulifikaje hapa?

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, watoto walifanya mtihani wa KCPE mwisho wa darasa la nane. Nafasi katika shule za sekondari zenye sifa zilikuwa chache, na watoto walikuwa wengi. Matokeo yakitoka, magazeti yalitaja shule na watoto walioongoza. Hapa Kibera, Shule ya Msingi ya Olympic ilisifika kwa matokeo yake. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, wazazi walimiminika huko na madarasa yakafurika. Wazazi wengine waliendelea kulipa karo katika shule ndogo za mtaani.

Hofu ya mzazi ina msingi. Mama anayetoka Kawangware alfajiri kwenda kufua nguo za watu Lavington hana shamba la kumwachia mtoto. Kwake, mtihani ndio shamba.

Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilitangaza kuacha kupanga shule na watahiniwa kwa nambari, lakini mabishano hayakuisha. Mwaka 2019 mtaala mpya wa umilisi, CBC, ulianza nchini kote katika madarasa ya chini. Mwaka 2023 KCPE ikafanywa mara ya mwisho. Mtihani ulienda, swali letu likabaki pale pale.

Wastani ni kitu gani?

Tutumie hesabu ya chama, maana hiyo tunaijua sote. Wanachama watano wamechanga shilingi 100, 150, 200, 250 na 300. Jumla ni 1,000. Ukigawa kwa watu watano unapata 200. Hiyo 200 ndiyo wastani. Wawili wako juu yake, mmoja yuko sawa nayo, wawili wako chini.

Mwezi ujao kila mmoja anaongeza shilingi 50. Sasa wamechanga 150, 200, 250, 300 na 350. Jumla ni 1,250, na wastani umekuwa 250. Chama kimeendelea, na kila mtu ameongeza. Lakini wawili bado wako chini ya wastani, na ni wale wale! Je, mwenyekiti awakemee? Awaambie hawana bidii?

Darasa ni hivyo hivyo. Watoto wote hawawezi kuwa juu ya wastani, hata walimu wawe wazuri namna gani. Katika darasa la watoto 60, lazima mmoja awe wa 60. Mtoto anaweza kujifunza mengi muhula mzima na abaki nambari ile ile, kwa sababu wenzake pia wamejifunza.

Nambari inaficha nini?

Kwanza, inaficha maendeleo ya mtoto. Aliyekuwa wa 15 na alama 48, akawa wa 20 na alama 57, ameongeza alama tisa. Kama mitihani hiyo ilikuwa na uzito mmoja, huyu amepiga hatua. Lakini nyumbani tunamwambia, "Umeanguka."

Pili, na hili ndilo kubwa, inaficha kama darasa lenyewe linajua kitu. Kuanzia 2009, mradi wa Uwezo ulikuwa ukituma watu wa kawaida nyumba kwa nyumba hapa Kenya, wakiwapa watoto hadithi fupi na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Katika miaka ya kwanza ya kazi hiyo iliripotiwa kwamba, kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, kama 3 tu ndio waliomudu kazi ya darasa la pili.

Hebu tufikiri. Katika darasa la namna hiyo, mtoto anaweza kuwa juu ya wastani na bado asiweze kusoma hadithi fupi. Mama yake anashangilia nambari, kumbe mtoto anahitaji msaada. Na katika darasa lingine lenye watoto wengi hodari, wa 30 anasoma vizuri kabisa na bado anachapwa nyumbani. Nambari imewadanganya wazazi wote wawili.

Hasara tunazopata

Tunamhamisha mtoto shule hii hadi ile tukifuata sifa, na kila mara ni sare mpya na marafiki wapya. Tunakopa ili kulipa tuisheni. Tunamwomba mwalimu mtoto arudie darasa ili "apate namba nzuri". Mtoto naye anajifunza kuficha ripoti, kuiba majibu, ama kuogopa kuuliza asije akachekwa. Wengine hukata tamaa na kuacha shule.

Tujue pia sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumrudisha mtoto darasa, inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na inakataza kumpiga ama kumtesa mwanafunzi kwa mwili ama kwa akili.

Kusoma ripoti ya siku hizi

Ripoti nyingi za CBC zina ngazi kuu nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Huandikwa kwa herufi EE, ME, AE na BE. Wazazi wengi wakiona ME wanauliza, "Mbona si EE?" Wanadhani mtoto ameanguka. La hasha! Kufikia matarajio maana yake mtoto amejua kile alichotakiwa kujua. Ngazi hizi hazimpimi kwa wenzake, zinampima kwa kazi yenyewe. Hapa darasa zima linaweza kufikia, na hakuna lazima mtu awe wa mwisho. Ukiona AE ama BE, usimkemee mtoto. Nenda ukamwulize mwalimu: "Ni kitu gani hasa hajakijua, na nyumbani tusaidie vipi?"

Jaribio la kufanya nyumbani

Kikundi kinaweza kupima bila gharama. Kaeni na mtoto mmoja mmoja, kwa upole, bila wenzake kusikiliza.

1. Andika herufi kumi. Je, anazitaja?
2. Andika maneno matano anayoyajua, kama maji, mlango, ndizi.
3. Andika hadithi ya sentensi sita ama saba kuhusu mbuzi, soko ama mvua. Asome, kisha umwulize maswali mawili juu ya hadithi hiyo.
4. Mpe hesabu ya dukani: sukuma ya shilingi 20 na nyanya za 30, umetoa noti ya 100. Chenji ni ngapi?

Andika tarehe na hatua aliyofika. Rudieni baada ya miezi mitatu, kwa hadithi mpya. Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa juzi, si mtoto wa jirani. Aliyekwama kwenye maneno apate mtu wa kusoma naye kila jioni, hata kama ni kaka ama dada yake mkubwa. Mzazi asiyejua kusoma naye asaidie: amwambie mtoto amsomee, kisha amsimulie hadithi ilisema nini.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Siku ya kufunga shule, sisi humwuliza mtoto nini kwanza? Tungeuliza nini badala yake?
2. Mwaka jana tulitumia pesa ngapi kwa tuisheni na kuhamisha watoto? Watoto walijua nini kipya?
3. Katika kikundi chetu, nani anaweza kukaa na watoto wachache Jumamosi moja kwa wiki wasome hadithi?
4. Ni watoto gani tumewaita "wazito", na hatujawahi kuwapima kujua walikwama wapi?