Feni ya seva inapiga kelele? Acha kukaanga viazi ambavyo hakuna aliyeomba chipsi

Poleni na baridi wote wa Uyole, Tukuyu na Mufindi. Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo nitoe shule ndogo, maana naona vijana wengi siku hizi wanachukua kompyuta ya zamani, wanaijaza filamu na video za familia, halafu wanaiita seva ya nyumbani. Wazo ni zuri sana. Tatizo linakuja pale watu wanapokaa sebuleni kutazama.

Yalinikuta mwenyewe. Tulikaa watu sita hapa nyumbani Mbeya tunatazama video ya send-off ya dada. Inacheza sekunde kumi, inaganda, kale kaduara kanazunguka. Chini ya meza kompyuta inapuliza kama pampu ya maji, watoto wawili wamejisogeza kabisa waote joto. Mama akauliza, "Hivi hiyo LUKU yangu inakwenda wapi?"

Baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Iringa. Kwake Kihesa ana mashine dhaifu kuliko ya kwangu, na inahudumia TV na simu tatu bila kelele. Akaangalia mipangilio, akabadilisha kitu kimoja, feni ikatulia. Akaniambia, "Mwanangu, mashine yako inakaanga chipsi wakati watu wameomba viazi." Nilicheka, lakini ndiyo maelezo bora niliyowahi kusikia. Ngoja niwafafanulie.

Gunia na viazi

Faili la video lina vitu viwili ambavyo watu wengi tunavichanganya. Kuna gunia na kuna viazi. Gunia ni kontena, yaani yale maandishi ya mwisho wa jina la faili: MKV, MP4, AVI. Viazi ni picha na sauti zenyewe, na hizo zimebanwa kwa njia inayoitwa kodeki. Kodeki ya picha inayotumika sana ni H.264, iliyotoka mwaka 2003. Iliyofuata ni H.265, yaani HEVC, ya mwaka 2013. Kwa sauti kuna AAC, AC3, DTS na nyinginezo.

Kwa hiyo mtu akikwambia "TV yangu haisomi MKV" bado hajakwambia kitu kamili. Inawezekana gunia ndilo halifunguki, au viazi ndivyo haviliki.

Sasa, unapobonyeza kucheza filamu kwenye programu kama Jellyfin, Plex au Emby, seva ina njia tatu:

1. Kutoa faili kama lilivyo. Kazi yake ni kusoma diski na kutuma tu. Hata kompyuta ya mwaka 2008 inaweza.

2. Kubadilisha gunia tu. Viazi vinahamishwa kutoka gunia kwenda kwenye debe bila kumenywa. Prosesa haisikii uzito, na ubora haupungui hata kidogo.

3. Kutransikodi. Hapa seva inafungua kila picha, inaichora upya na kuibana upya, papo hapo wakati mnatazama. Hapo ndipo feni inapolia. Na chipsi hazirudi kuwa viazi: kila ukibana upya, ubora unapungua.

Njia ya tatu ina wakati wake, nitaieleza chini. Ubaya ni kwamba mara nyingi seva inaichagua kwa sababu ndogo ambayo wewe ungeiondoa kwa dakika mbili.

Sababu tano zinazoilazimisha seva

Kwanza, kikomo cha kasi. Hili ndilo lililonipata. Video ya dada ilikuwa H.264 ndani ya MP4, TV inaisoma vizuri kabisa. Lakini ina megabiti 20 kwa sekunde, na programu ya kwenye TV ilikuwa imewekewa kikomo cha megabiti 4. Seva ikatii amri, ikaanza kubana. Dawa: ingia kwenye mipangilio ya programu ya TV au simu, sehemu ya ubora wa video, weka kiwango cha juu kabisa ukiwa nyumbani.

Pili, sauti. Filamu nyingi zilizotoka kwenye Blu-ray zina sauti ya DTS, na TV za Samsung kuanzia matoleo ya 2018 ziliachana na DTS. Seva inalazimika kubadili sauti. Kubadili sauti peke yake ni kazi nyepesi, usiogope. Ila kama faili lina sauti mbili, chagua ya AC3 au AAC na kazi imekwisha.

Tatu, sabtaito. Hii inawashangaza wengi. Sabtaito za SRT ni maandishi ya kawaida, TV inayaweka yenyewe juu ya picha. Lakini sabtaito za PGS, zile za Blu-ray, ni picha. Kifaa kisichozijua kinaiambia seva izichome ndani ya video, na hapo lazima video nzima ichorwe upya. Sabtaito tu, aisee, na prosesa inafika asilimia 100! Tafuta SRT, iweke kwenye folda moja na filamu, ipe jina lilelile la filamu.

Nne, kodeki yenyewe. HEVC inapunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu ya H.264 kwa ubora unaokaribiana, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini TV na simu za zamani haziijui. Kuna pia H.264 ya biti 10, ambayo wapenzi wa katuni za Kijapani wanaifahamu. Hiyo vifaa vingi vya sebuleni vinashindwa. Kama nyumba ina vifaa mchanganyiko, H.264 ya biti 8 na sauti ya AAC ndani ya MP4 ndiyo ugali wetu, kila mtu anakula.

Tano, kutazama kwa brauza. Brauza ni mlaji mwenye masharti mengi: gunia hili hataki, sauti ile hataki. Faili lilelile ukilifungua kwa programu maalumu ya TV, au kwa Kodi, linacheza bila kuguswa. Kwa hiyo weka programu, achana na brauza.

Utajuaje inafanya nini?

Usibahatishe. Filamu ikiwa inacheza, fungua ukurasa wa msimamizi wa seva. Jellyfin na Plex zote zinaonyesha kama video inatolewa moja kwa moja au inatransikodiwa, na Jellyfin inakwambia na sababu. Baba mdogo aliangalia pale tu, akasoma sababu, akajua pa kugusa. Ukitaka kujua ndani ya faili kuna nini, tumia MediaInfo. Ni ya bure.

Kama tatizo ni gunia au sauti, rekebisha faili mara moja kwa FFmpeg, nayo ya bure. Kubadili gunia tu:

ffmpeg -i filamu.mkv -c copy -sn filamu.mp4

Kuacha picha kama ilivyo na kubadili sauti kuwa AAC:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -sn filamu.mp4

Neno "copy" ndilo la muhimu, linasema viazi visiguswe. "-sn" inaacha sabtaito nje, kwa hiyo weka SRT yako pembeni. Amri ya kwanza inamalizika haraka sana, kwa sababu ni kunakili tu.

LUKU nayo

Turudi kwenye swali la mama. Tuseme kutransikodi kunaongeza wati 60 juu ya matumizi ya kawaida ya mashine. Mkitazama saa 5 kwa siku, siku 30, hizo ni uniti 9 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la D1, ambako ukivuka uniti 75 kwa mwezi bei inapanda, uniti 9 si za kudharau. Na mwisho wa siku umelipia kupunguza ubora wa picha ambayo TV ingeisoma yenyewe.

Angalia na mtandao wa ndani. Kuta za matofali ya kuchoma zinaiumiza Wi-Fi, na Wi-Fi ikiwa dhaifu programu inashusha kikomo na seva inaanza kukaanga tena. Vuta waya. Tundu la mtandao la TV, hata likiwa la megabiti 100, linatosha mno kwa video ya megabiti 20.

Lini ni halali kukaanga?

Zipo sababu za kweli. Dada mwenyewe yuko Dar na anataka kuitazama send-off yake kwa bando. Megabiti 20 kwa sekunde kwa saa moja ni GB 9. Ukiishusha hadi megabiti 1.5 inakuwa kama MB 675. Hapo kutransikodi ni huruma, si uharibifu.

Sababu nyingine ni mali za zamani. Zile VCD za Bongo movie tulizonunua enzi zile, na zile za harusi za familia, ni MPEG-1, picha ya nukta 352 kwa 288 tu. Vifaa vingi vya leo vinazikataa. Hizo zibadilishe kwenda H.264, lakini fanya hivyo mara moja usiku mashine ikiwa haina kazi, si kila mara mtu anapotazama. Na nawasihi sana: usifute faili la awali. Nawajua watu waliobana video za wazazi wao hadi 3GP ili zienee kwenye memori kadi, wakafuta za mwanzo. Leo mzazi hayupo, na sura yake kwenye ile video haitambuliki. Diski inanunuliwa, sura ile hainunuliki.

Kama lazima utransikodi kila siku, tafuta mashine yenye prosesa ya Intel yenye Quick Sync, iliyoanza mwaka 2011. Kwa HEVC anzia kizazi cha Skylake cha 2015. Kazi inahamia kwenye sehemu maalumu ya chipu na feni inatulia. Lakini anza na zile sababu tano, pengine huhitaji kununua kitu.

Kwetu hapa tulimaliza send-off bila kuganda, na watoto wakalalamika kwamba sebule imekuwa baridi.

Naomba kuwasilisha. Mwenye nyongeza, swali au mbinu yake, uwanja ni wenu hapo chini. Ukiuliza, taja aina ya TV na sababu iliyoandikwa na seva, tusaidiane vizuri.