Gego na Ndiva Yake

Sogeeni karibu, wanangu. Leo msimuliaji si mimi peke yangu. Leo anasimulia na Gego.

Gego huyu anaishi kinywani mwa binti wa darasa la tatu, huko Mbaga, juu kwenye Milima ya Pare Kusini. Aliota binti alipofikisha miaka sita. Aliota kimyakimya, nyuma ya meno ya utotoni, wala hakuna jino lililong'oka kumpisha. Ndiyo maana mama alimdhania kuwa jino la utoto. "Likioza litang'oka, litaota lingine," alisema. La, mama. Gego la miaka sita likishang'oka, limekwenda. Halina mdogo wake.

Haya, tumsikilize mwenyewe.

"Mimi ni Gego. Kazi yangu ni kusaga makande. Mahindi nasaga, maharage nasaga. Kichwani nina mifereji myembamba, mswaki haufiki chini kabisa. Humo wanajificha bakteria. Watu huwaita wadudu wa meno, lakini hawana miguu wala mabawa, na kwa macho huwaoni. Wanapenda sukari! Binti akila pipi, na wao wanakula. Binti akinywa soda, na wao wanakunywa. Wakishashiba wanatoa asidi, na asidi hiyo inaninyang'anya madini yangu."

Namwona mmoja ameshainua mkono. Kumbe pipi moja tu inatoboa jino?

Swali zuri sana, na jibu ni hapana. Ukishamaliza pipi, asidi inakaa kama nusu saa hivi, halafu mate yanaizimua na kulirudishia jino madini yake. Mate ni rafiki mkubwa wa jino. Shida ni pipi sasa hivi, ubuyu baada ya muda mfupi, soda jioni. Mate hayapati nafasi ya kufanya kazi yao.

"Mimi mate yangu hayakupata nafasi," anasema Gego. "Kwanza nilitoka doa jeupe lisilong'aa. Doa likawa la kahawia. Mwisho likawa tundu. Binti akinywa maji ya baridi ya mlimani, anashika shavu."

Siku moja tabibu wa meno akaja shuleni na mkoba. Hakuja na mashine wala jenereta. Binti alilazwa juu ya meza ya darasa, kanga imekunjwa chini ya kichwa. Tabibu akatoa kifaa cha chuma chenye ncha ya kijiko kidogo, kidogo kuliko punje ya mtama. Akakwangua taratibu. Akatoa sehemu laini iliyooza tu, ile ngumu akaiacha.

Na sindano ya ganzi je? Mara nyingi haihitajiki kwa njia hii, kwa sababu tabibu hagusi palipo pazima. Binti alikaza vidole vya miguu, kisha akavilegeza.

Halafu tabibu akachukua poda nyeupe na matone ya maji mazito. Akavikoroga haraka kwenye karatasi mpaka vikawa saruji. Poda ile ni glasi iliyosagwa.

Glasi? Si itanikata ulimi?

Nakupenda wewe unayeuliza! Haikati. Imesagwa ikawa laini kuliko unga wa sembe, na yale maji ni asidi ya aina yake inayoishika glasi na kuigandisha. Saruji hiyo inaitwa glasi-ionoma. Iligunduliwa London na Alan Wilson na Brian Kent, nao wakaitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inashikana na jino lenyewe, haihitaji kuchimbiwa shimo kubwa ili isichomoke. Tabibu akaijaza tunduni, akajaza na ile mifereji iliyobaki, akapaka kidole mafuta ya mgando, akabonyeza juu. Dakika chache imeshakauka. "Usile kitu kwa saa nzima," akasema.

Sasa tumefika pale ninapopapenda. Ndani ya glasi ile kuna floraidi. Floraidi ni madini yanayolisaidia jino kurudisha kilichoibwa na kuwa gumu zaidi mbele ya asidi. Saruji inaitoa kidogokidogo. Siku za mwanzo inatoa nyingi, baadaye inapungua.

Je, haiishi?

Ninyi watoto wa Upare jibu mnalo nyumbani. Mnaijua ndiva, lile bwawa la maji ya shamba. Wazee wetu walijenga ndiva milimani, na hadi leo zipo, hata Bangalala huko chini. Usiku maji ya kijito yanaingia ndivani. Asubuhi mlango unafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji hadi shamba la mahindi. Usiku hujaa, mchana hugawa. Ndiva isipojazwa, mwenye shamba atafungua mlango apate matope.

Saruji ya Gego ni ndiva. Binti akipiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi, saruji inanyonya floraidi ile na kuiweka. Baadaye inaitoa tena, kidogokidogo, kwa Gego na kwa jirani aliyegusana naye. Hujaa, hugawa. Hujaa, hugawa. Lakini anayejaza ni nani? Ni binti mwenyewe, na mswaki wake, asubuhi na kabla ya kulala.

Jambo moja mlijue, mtembee vifua mbele. Njia hii ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono, bila umeme, ilianza kujaribiwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwapo daktari wa meno kutoka Uholanzi, Jo Frencken. Mashine zinataka umeme, na vijijini umeme haukuwapo. Yeye na wenzake wakaona vifaa vya mkono vinatosha. Baadaye njia hiyo ilipelekwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Mwaka 2021 shirika hilohilo likaiingiza saruji ya glasi-ionoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Naona bado kuna mkono juu. Kama floraidi ni nzuri, mbona wapo watu wa Arusha wenye meno ya kahawia?

Umeniuliza swali la kitabibu kabisa, hongera! Kule kuzunguka Mlima Meru miamba ni ya volkano, na maji mengi yana floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanaumbwa ndani ya taya, yanatoka na madoa. Ndiyo sababu pale Ngurdoto kuna kituo kinachotafiti namna ya kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hata magadi ya kuivishia makande, mengine yana floraidi nyingi, hivyo mama asiyazidishe. Floraidi inayotoka kwenye saruji ni kidogo sana, haileti madoa hayo. Dawa ya meno nayo ina kiasi chake: punje ya njegere inamtosha mtoto wa miaka mitatu hadi sita, na mwenye umri chini ya hapo, punje ya mchele. Tema, usimeze.

Wala sitawadanganya kwamba saruji hii inaweza kila kitu. Ikitafunishwa vitu vigumu kila siku inalika, na tundu kubwa sana huishinda. Binti akirudia pipi za kila saa, Gego atatoboka pembeni mwa saruji, floraidi ipo au haipo. Kwangu mimi, kuzuia tundu kunashinda kuliziba.

Kwa hiyo leo jioni chukua kioo, simama palipo na mwanga, fungua mdomo. Anza na jino la mbele la katikati, hesabu kwenda nyuma hadi la sita. Kama umefikisha miaka sita au saba, huenda Gego wako ameshafika. Fanya hivyo pande zote, juu na chini, maana wako wanne. Ukiona doa au tundu, mwambie mama au baba leoleo, usisubiri liume.