Gitaa Lenye Kasoro: Lipi la Kununua na Lipi la Kuacha

Watu wengi wapendao muziki wametamani kuwa na gitaa jipya, na wengi wao wamerudi nyumbani mikono mitupu baada ya kutajiwa bei. Lakini yako magitaa mapya ambayo huuzwa kwa bei iliyopunguzwa, si kwa sababu yamekwisha kutumiwa, bali kwa sababu yalitoka kiwandani yakiwa na kasoro ndogo. Mtu mwangalifu aweza kupata chombo kizuri kwa njia hii na kubakiwa na fedha za karo. Mtu asiye mwangalifu aweza kununua kuni zilizopakwa vanishi. Yafaa basi kila mnunuzi ajue jinsi ya kutofautisha mambo hayo mawili.

Gitaa si kitu kigeni katika Afrika ya Mashariki. Marehemu Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, alikuwa katika kikundi cha kuwatumbuiza askari wa King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita akajulikana sana kwa santuri zake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alinasa gitaa la Jean-Bosco Mwenda huko Katanga, na wimbo wa "Masanga" ukasikiwa mbali sana. Katika nchi ya Waluhya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alipendwa na watu kwa gitaa lisilo na umeme, likifuatana na mlio wa chupa ya soda iliyogongwa kwa chuma. Hakuna aliyewasifu watu hawa kwa mng'ao wa mbao za magitaa yao. Walisifiwa kwa sauti iliyotoka ndani.

KASORO HUTOKA WAPI?

Gitaa hufanywa kwa mti, na mti haufuati amri ya mtu. Ubao wa tumbo la gitaa una unene wa milimita 3 hivi tu. Fundi aweza kuuchagua vizuri, kisha fundo dogo likatokea ubao ukipigwa msasa. Vanishi huweza kutiririka kabla ya kukauka, gundi huweza kufurika katika kiungo, na patasi huweza kuteleza. Mwisho wa kazi mkaguzi hulipokea kila gitaa, na lile lisilomridhisha hulitenga.

Kiwanda kina njia tatu za kulishughulikia gitaa lililotengwa: kulitengeneza upya, kulivunja, au kuliuza kama bidhaa ya daraja la pili. Kampuni ya Gibson, ambayo kiwanda chake kilikuwa mjini Kalamazoo katika Marekani mpaka mwaka 1984, ilikuwa na desturi ya kuyapiga magitaa ya namna hiyo muhuri nyuma ya kichwa, wenye tarakimu 2 au alama 2ND. Mara nyingine mtu alitazamapo gitaa lenye muhuri huo haoni kosa lo lote. Mkaguzi aliona kivuli katika rangi, akatimiza wajibu wake.

Siku hizi maduka mengi ya ng'ambo hutumia herufi B badala ya muhuri. Mnunuzi na ajihadhari, maana herufi hiyo ni gunia lililotiwa vitu vingi. Ndani yake mna gitaa lililorudishwa na mteja baada ya siku mbili, gitaa lililokaa dirishani likapauka, gitaa ambalo sanduku lake lilichanika safarini, na gitaa lenye kosa hasa la kiwanda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei yapasa kuuliza hivi: Kasoro yenyewe ni ipi, na iko mahali gani?

KASORO ZA MACHO

Kasoro za magitaa ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile zinazoonekana kwa macho tu, wala mkono na sikio havina habari nazo. Hizi ni kama vile tone la vanishi, rangi isiyolingana, mkwaruzo, alama ya gundi pembeni, au vipande viwili vya ubao ambavyo mistari yake haikupatana. Gitaa lenye kasoro hizo litalia leo na litalia baada ya miaka ishirini, kama lile lisilo na kasoro.

Mfano mkubwa wa kasoro ya macho watoka Kamerun. Ubao mweusi wa juu ya shingo ya gitaa, ambao vidole huuchezea, mara nyingi hufanywa kwa mti uitwao ebony, ambao kwa weusi na ugumu wafanana na mpingo wa Tanzania. Kwa miaka mingi wanunuzi wa ulimwengu walitaka weusi mtupu. Mwaka 2011 kampuni ya Marekani ya Taylor Guitars, ikishirikiana na kampuni ya Hispania iitwayo Madinter, ilinunua kiwanda cha mbao cha Crelicam mjini Yaoundé. Baada ya hapo Bob Taylor, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo ya magitaa, alieleza kwamba wakata miti walikuwa wakiangusha miti mingi ili kupata mmoja ulio mweusi kabisa. Ile yenye mistari ya kahawia iliachwa msituni ioze, kwa kuwa haikuwa na mnunuzi. Rangi ya moyo wa mti huo haijulikani mpaka ukatwe. Tangu wakati huo kampuni hiyo imeutumia pia mti wenye mistari, maana kazi yake ni ile ile. Miti mingi ilipotea bure kwa ajili ya kasoro ambayo sikio haliwezi kuisikia.

KASORO ZA MWILI

Aina ya pili ni zile ziuguzazo mwili wa gitaa. Msomaji akumbuke kwamba nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya ratili 150 au zaidi, usiku na mchana. Mzigo huo hubebwa na shingo, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni ambacho huitwa daraja, na ubao mwembamba wa tumbo. Palipo na ufa, kiungo kisichoshika au shingo iliyopotoka, nyuzi hazitachoka kuvuta mpaka kosa dogo liwe kubwa. Hapo ndipo wahenga waliposema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Mambo haya yaweza kujaribiwa dukani bila chombo cho chote cha fundi.

Kwanza, lishike gitaa kichwa kikiwa karibu na jicho, utazame urefu wa shingo kama seremala atazamavyo ubao. Shingo ikipinda kidogo sana kuelekea upande wa nyuzi si neno, ndivyo inavyotakiwa. Lakini ikiwa imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, rudisha gitaa mahali pake.

Pili, chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza chini ya ukingo wa daraja. Karatasi ikiingia, gundi imeanza kuachia.

Tatu, gonga tumbo na mgongo pole pole kwa kifundo cha kidole, kama mama agongavyo chungu sokoni kabla ya kutoa fedha zake. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Vivyo hivyo kijiti kilichobanduka ndani ya gitaa hutoa mlio wa kutatarika.

Nne, piga kila uzi katika kila freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa juu ya shingo. Ukifika freti ya 12 katika nyuzi zote sita utakuwa umepiga sauti 72, na kazi hiyo ni ya dakika chache tu. Sauti ikizizima au ikifa mahali pamoja, huenda freti moja iko juu kuliko wenzake. Kosa hilo fundi aweza kuliondoa kwa tupa. Yakiwa mahali pengi, liache.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, jaribu ukweli wa sauti. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, uupige, na uondoe kidole mara moja. Utasikia mlio kama wa kengele. Kisha ukandamize uzi pale pale na kuupiga tena. Sauti hizo mbili zapasa kuwa moja. Zikitofautiana, jaribu tena kwa nyuzi mpya, kwa kuwa nyuzi kuukuu nazo husema uongo. Zikizidi kutofautiana sana, basi daraja au freti hazikuwekwa mahali pake, na gitaa hilo halitapatana na kinanda wala na sauti za kwaya.

HALI YA HEWA

Mti hunywa maji ya hewani na kuyatoa. Gitaa lililozoea hewa ya unyevu ya Mombasa likipelekwa bara wakati wa kiangazi, mbao zake hunywea, na ufa uliokuwa mwembamba kama unywele huweza kufunguka. Hofu hii ni ya zamani. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilipouza magitaa yake ya bei rahisi yaliyoitwa Gallotone Champion, ndani yake ilibandika kikaratasi chenye ahadi kwamba gitaa halitapasuka. Gitaa la aina hiyo ndilo alilokuwa nalo John Lennon wa Liverpool mwaka 1957, alipokuwa kijana asiyejulikana. Anunuaye gitaa lenye kasoro hapewi ahadi kama hiyo mara nyingi. Kwa hiyo akiona ufa wa mbao, hata mdogo, asidanganywe kwamba ni mkwaruzo wa vanishi. Apitishe ukucha juu yake, atazame na ndani ya tundu kwa tochi. Alama ikionekana pande zote mbili, huo ni ufa.

MANENO YA MUUZAJI

Wako wauzaji waaminifu ambao huonyesha kosa kwa kidole kabla hawajaulizwa. Wako na wengine ambao hupandisha bei ya gitaa zima, wakaikata kwa wino mwekundu, kisha wakasema kwamba wamepunguza kwa ajili ya kasoro isiyokuwapo. Dawa yake ni kujua kwanza bei ya gitaa kama hilo lisilo na kasoro katika maduka mawili au matatu.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyo Sura ya 31, ambayo ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, humlinda mnunuzi asiuziwe kitu kisichofaa. Lakini mnunuzi akiisha kukikagua kitu, hana haki ya kulalamika juu ya kasoro ambazo ukaguzi huo ulipasa kuzifunua. Kwa hiyo ni heri kasoro iliyokubaliwa iandikwe katika stakabadhi kwa maneno wazi, kwa mfano: "Alama ya vanishi mgongoni, hakuna kosa jingine." Muuzaji akikataa kuandika maneno hayo, amekwisha kujibu swali. Naye anunuaye kwa simu, bila kulishika gitaa, atake picha ya kasoro yenyewe, na ahadi ya maandishi kwamba aweza kulirudisha.

HESABU YA FEDHA

Punguzo si faida mpaka gharama ya fundi itolewe. Tuseme gitaa zima ni shilingi 12,000, na lenye kasoro ni shilingi 9,000. Kama kasoro ni ya rangi, mnunuzi amepata shilingi 3,000. Kama freti zahitaji kusawazishwa kwa shilingi 2,500, amepata shilingi 500 na safari mbili za basi. Kama shingo imejisokota, amepoteza 9,000 zote. Rahisi ghali.

Iko hasara nyingine isiyoandikwa katika daftari. Mtoto akinunuliwa gitaa ambalo nyuzi zake ziko juu sana, vidole humwuma na sauti haipatani. Baada ya mwezi mmoja hulitundika ukutani, na watu wa nyumbani husema kwamba hakujaliwa kipaji. Kumbe mtoto hana kosa. Kosa ni la mti. Mwanafunzi hawezi kulijua gitaa bovu, kwa sababu hajapata kulishika zuri. Basi mzazi na achukue mtu ajuaye kupiga waende naye dukani, kama vile amchukuavyo mjuzi wa ng'ombe anapokwenda mnadani. Gitaa lenye doa mgongoni litamfaa mtoto vizuri kabisa. Doa lenyewe litaelekea kifuani pake apigapo, wala hakuna atakayeliona.