Filamu moja, waongozaji wawili

Kwa kawaida watazamaji hubaki wakikisia tu filamu ya mashujaa ingekuwaje lau ingeongozwa na mtu mwingine. Kwa Justice League hakuna haja ya kukisia, kwani filamu hiyo ipo mara mbili.

Mwezi Mei mwaka 2017 muongozaji wake, Zack Snyder, alijiondoa kufuatia kifo cha binti yake. Kampuni ya Warner Bros ilimkabidhi kazi Joss Whedon, ambaye alipiga upya baadhi ya picha, akazidisha mizaha na kuifupisha filamu hadi saa mbili. Ilionyeshwa Novemba mwaka huo. Mashabiki wengi hawakuridhika, na baada ya kampeni ya miaka kadhaa toleo la Snyder lilitoka mwaka 2021, likiwa na urefu wa saa nne.

Hadithi ni ile ile: Batman anawakusanya wenzake kukabiliana na mvamizi kutoka nje ya dunia. Lakini mtazame Cyborg, kijana aliyeponea chupuchupu baada ya baba yake, mwanasayansi, kumuunda upya kwa mitambo. Nafasi hiyo iliigizwa na Ray Fisher, Mmarekani mweusi.

Katika toleo la Whedon yeye ni msaidizi tu, na baba yake anasalia hai. Kwa Snyder, ambaye naye hakujua kufupisha, baba huyo anajitoa mhanga mbele ya macho ya mwanawe, na majonzi yao ndiyo yanayoibeba filamu nzima.