Nyumba Aliyoiacha Mtawala (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi tamthilia ya Star Trek: Deep Space Nine ilivyoanza kurushwa Marekani Januari 1993, ikaendelea kwa misimu saba na kumalizika 1999. Leo tuingie ndani ya kituo chenyewe cha anga, maana kwa maoni yangu hicho ndicho mhusika mkuu, kuliko hata Benjamin Sisko anayekiongoza.

Wanaokikalia sio waliokijenga. Wakardasia waliitawala sayari ya Bajor kwa mabavu karibu nusu karne. Kituo hicho, walichokiita Terok Nor, kilikuwa mahali pa kusafishia madini kwa kazi ya shokoa. Waliposhindwa na upinzani wa Wabajora na kuamua kuondoka, walibeba cha kubebeka na kuvunja kilichobaki. Serikali ya muda ya Bajor, dhaifu na yenye kugombana yenyewe kwa yenyewe, ikaomba Shirikisho, muungano wa sayari anaoutumikia Sisko, lije kukiendesha. Ndipo Sisko akatumwa.

Itazame ofisi anayoirithi. Imeinuliwa juu ya chumba cha uongozaji, ili kila aliye chini alazimike kuinua uso kumtazama mkubwa. Sisko haibomoi, anaingia na kukaa. Fundi mkuu, Miles O'Brien, naye hachoki kulalamikia mitambo ya Kikardasia isiyopatana na vifaa vya Shirikisho. Mtazamaji hucheka, na ni halali yake, lakini msimu wa tatu ulimwonyesha kwamba lile halikuwa jambo la kuchekesha tu.

Katika kipindi kiitwacho "Civil Defense", cha mwaka 1994, Sisko, mwanawe Jake na O'Brien wanasafisha programu za zamani katika eneo la madini. Bila kujua, wanaamsha amri iliyowekwa kuzima maasi ya wafanyakazi. Mara sura ya Gul Dukat, mtawala wa zamani, inatokea kwenye skrini ikiwataka Wabajora wajisalimishe. Ni picha iliyorekodiwa zamani. Dukat hayupo, Wabajora wako huru, lakini mitambo haina habari ya uhuru. Kila watu wanapojaribu kujinasua, kituo kinawahesabu kuwa waasi zaidi: milango inafungwa, gesi ya sumu inatishiwa, na mwisho kinaanza kuhesabu muda wa kujilipua.

Dukat mwenyewe anafika, amejaa kebehi, tayari kuuza msaada wake kwa bei kubwa. Anapotaka kuondoka, inatokea picha nyingine, ya mkubwa wake, ikimshutumu kuwa anakimbia kituo chake cha kazi na kumfungia njia. Kumbe naye alitegewa! Sijaona tamthilia nyingine iliyoeleza kwa ufupi namna hii jinsi utawala wa mabavu usivyomwamini hata mtumishi wake mwaminifu.

Mitambo hurekebishika. Watu ni kazi nyingine. Odo, mkuu wa usalama, alishika kazi hiyohiyo chini ya Wakardasia, na msimu wa tano unafichua kwamba aliwahi kuwaachia Wabajora watatu wasio na hatia wauawe. Kira Nerys, msaidizi wa Sisko, alipigana msituni tangu utotoni. Sasa yeye ndiye serikali. Katika "Progress", cha 1993, anatumwa kumhamisha mkulima mzee, Mullibok, kutoka mwezi wa Jeraddo, kwa kuwa nishati iliyo chini yake inahitajika kupasha joto nyumba za Wabajora. Mzee huyo aliwakimbia Wakardasia akaanza maisha upya huko. Kira anabaki naye, anamsaidia kujenga tanuri, anampenda kama babu. Kisha analivunja tanuri hilo, anaichoma nyumba, na kumchukua mzee.

Wapo wanaosema waandishi walimpendelea Kira mwishoni mwa kipindi hicho. Sikubaliani nao. Hakuna anayempongeza, na hoja ya mzee haijibiwi popote, ingawa nishati ile ilihitajika kweli.

Wiki ijayo tutatazama "Duet", ambamo karani wa Kikardasia anajisingizia kuwa mkuu wa kambi ya mateso, akitaka Wabajora wamshitaki kwa makosa ya taifa lake.