Bombino: mpiga gitaa wa jangwani aliyejifunza muziki ukimbizini

Wazee wengi huuliza: vijana wakipiga nyimbo za nyumbani kwa vyombo vya kisasa, je, nyimbo hizo bado ni zetu? Maisha ya Bombino, mpiga gitaa kutoka Niger, yanatusaidia kulijibu swali hilo.

Bombino ni nani?

Jina lake ni Omara Moctar. Alizaliwa mwaka 1980 karibu na mji wa Agadez, katika jamii ya Watuareg, wafugaji wa jangwa la Sahara. Uasi ulipoanza mwaka 1990, familia yake ilikimbilia Algeria. Huko, ndugu waliowatembelea waliacha gitaa, naye akaanza kujifunza mwenyewe. Uasi ulipozuka tena mwaka 2007, wanamuziki wenzake wawili waliuawa. Alikimbilia Burkina Faso, akarudi nyumbani mwaka 2010.

Muziki huu umetoka wapi?

Watuareg wana ngoma iitwayo tende: ni kinu cha kutwangia nafaka kilichowambwa ngozi. Kwa desturi hupigwa na wanawake, huku wengine wakipiga makofi na kuitikia. Katika miaka ya 1970, ukame na mateso viliwasukuma vijana wengi kutoka Mali na Niger kwenda kutafuta vibarua Algeria na Libya. Waliitwa ishumar, jina lililotokana na neno la Kifaransa la mtu asiye na kazi. Baadhi yao, wakiwemo waanzilishi wa kundi la Tinariwen, walizihamishia nyimbo za kwao kwenye gitaa. Kaseti zao zilinakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono.

Nini kimebadilika, nini kimebaki?

Bombino hutumia gitaa la umeme, besi na dramu. Ameongeza pia mapigo ya rege. Lakini bado anaimba Kitamasheq, na makofi na mwendo wa tende bado vinasikika. Albamu yake Nomad ya mwaka 2013 ilirekodiwa Nashville, Marekani. Deran, ya mwaka 2018, iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Kwa hiyo chombo kinaweza kubadilika bila wimbo kupotea, mradi lugha na mapigo yake vipate wa kuvirithi. Kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu anayezijua nyimbo za kwenu, mwombe akuimbie, umrekodi kwa simu, na umuulize maana ya maneno yake.